Haki ya Kuulizwa Kabla: Amu Baada ya Makaa ya Mawe

Hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi wa mji wa Lamu, ambao wenyeji huuita Amu, waliokusanyika katika uwanja wa Mkunguni. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa baharini, waliokuwa safarini na wote ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu, mama zetu, maimamu na walimu, manahodha na wavuvi, wakataji wa mikoko kutoka Matondoni na Kipungani, vijana wa kike na wa kiume, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na ninyi ndugu zetu wa Hindi, Mpeketoni na Witu mliovuka maji leo asubuhi kutoka Mokowe, hamjambo na karibuni sana Amu.

Mwezi wa Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi iliitupilia mbali rufaa ya kampuni ya Amu Power, iliyokusudia kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi. Hivyo uamuzi wa Jopo la Kitaifa la Mazingira wa tarehe 26 Juni 2019, wa kuifuta leseni ya mradi huo, ukabaki kusimama. Miaka mingi ya barua, maandamano, mikutano na vikao vya mahakama ilifikia pale. Wapo walioianza safari hiyo pamoja nasi ambao hawakujaaliwa kuiona siku yenyewe. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Lakini tangu siku ile nasikia barazani, sokoni na gatini watu wakisema kwamba kazi imekwisha, kwamba mazingira ya Lamu yamekwisha kuokolewa na sasa kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Ndugu zangu, naomba mniruhusu niipinge kauli hiyo kwa heshima zote. Mji huu ulishinda kesi moja. Haki iliyotupa ushindi ule tunayo bado mikononi, na hofu yangu ni kwamba tumeiacha ilale wakati ambapo mambo yaliyo karibu zaidi na nyumba zetu yanaendelea kuamuliwa bila sisi.

Tujiulize kwanza: tulishinda kwa nini?

Wengi wenu mtanijibu kwamba tulishinda kwa sababu makaa ya mawe ni machafu. Ni machafu, hilo halina ubishi. Mtambo ule ulikuwa uwe wa megawati 1,050, wenye bomba la moshi la mita 210 kwenda juu, jirani na mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Makaa yenyewe yalikuwa yaletwe kwa meli kutoka nje ya nchi kabla ya yale ya Kitui kuchimbwa. Na nchi ilikuwa na njaa ya umeme kiasi hicho? Mwaka 2019 matumizi ya juu kabisa ya Kenya nzima, kuanzia viwanda vya Nairobi hadi taa ya mwisho ya kijijini, yalikuwa karibu megawati 1,900, na sehemu kubwa ya umeme huo ilikuwa tayari ikitoka kwenye mvuke wa ardhini, mabwawa na upepo.

Hayo yote ni kweli, lakini sicho kiini cha uamuzi. Jopo lilisema kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Lilisema kwamba mikutano iliyotajwa kuwa ya ushirikishwaji ilifanyika kabla ya utafiti wa athari za mazingira kukamilika, kwa hiyo watu waliitwa kutoa maoni juu ya ripoti ambayo haikuwapo. Lilisema pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa inavyotakiwa. Leseni ilianguka kwa sababu watu wa Amu hawakuulizwa wakati ambapo jibu lao lingeweza kubadilisha jambo.

Nakumbuka kijana mmoja wa Langoni, mwanafunzi wakati ule, aliyekuwa akija kukaa barazani kwetu baada ya sala ya isha akiwa na kurasa za ripoti ile, Kiingereza kigumu kilichojaa majedwali na vifupisho. Alikuwa akisoma mstari mmoja, anasimama, anaueleza kwa Kiamu, kisha anawatazama wazee. Usiku mmoja alifika mahali panapoeleza jinsi maji ya bahari yatakavyovutwa ili kupoza mitambo na kurudishwa baharini yakiwa na joto. Mzee mmoja mvuvi, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuanze, aliuliza: "Yatarudishwa upande gani, na wakati wa kusi au wa kaskazi?" Yule kijana alitafuta kurasa za mbele na za nyuma. Kisha yule mzee akaanza kutueleza, akichora kwa kidole juu ya saruji ya baraza, maji ya Manda yanavyokwenda bamvua linapoingia na yanavyokwenda linapotoka, na samaki aina ya tafi wanapofuata majani ya baharini. Ndugu zangu, ule ndio ushirikishwaji ambao sheria inauzungumzia. Mwenye karatasi na mwenye bahari walikaa mahali pamoja kabla jambo halijaamuliwa.

Sasa tazameni upande wa pili wa ghuba ile ile ya Manda. Tarehe 2 Machi 2012 marais wawili, Mwai Kibaki wetu na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walizindua mradi wa LAPSSET, wa kuziunganisha nchi hizo tatu kwa usafiri, na bandari yake hapa Lamu. Wavuvi wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikubaliana nao kwamba haki zao za kupata habari, za utamaduni wao na za mazingira safi zilikiukwa, ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Ilikuwa hukumu kubwa, na inasomwa hadi leo. Lakini wakati inatolewa, mkondo ulikuwa umekwisha kuchimbwa na tope lilikuwa limekwisha kufunika matumbawe. Fidia iliingia katika rufaa na mazungumzo marefu. Gati la kwanza lilifunguliwa mwezi wa Mei 2021 na meli zikaanza kupita mahali ambapo mwenye mtumbwi mdogo alikuwa akitega nyavu wakati wa kusi, wakati ambapo hawezi kutoka nje ya miamba kwa ajili ya mawimbi.

Kesi mbili, ghuba moja, watu wale wale. Katika ile ya makaa ya mawe tuliwahi. Katika ile ya bandari tulithibitishiwa haki yetu baada ya tope kumwagwa. Ni mvuvi gani hapa atakayesema kwamba fedha, hata zikilipwa zote kesho asubuhi, zitamrudishia mahali alipomfundisha mwanawe kutega? Kwa hiyo nasema, na nitarudia kusema: kuulizwa kabla. Haki yetu ni kuulizwa kabla.

Nije kwenye jambo linaloninyima usingizi kuliko makaa ya mawe, nalo ni maji ya Shela.

Sote tunakunywa maji ya vilima vile vya mchanga, na bado wapo watoto mjini humu wanaovijua kama mahali pa kupiga picha tu. Mvua inaponyesha juu ya vilima, mchanga huimeza papo hapo. Hamwezi kuona kijito wala dimbwi. Maji hayo hushuka hadi yakutane na maji ya chumvi yaliyopenya chini kwa chini kutoka baharini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi, hukaa juu ya yale ya chumvi bila kuchanganyika sana. Wataalamu wa maji wana kanuni juu ya visiwa kama chetu: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna karibu mita 40 za maji matamu. Igeuzeni hesabu hiyo. Mkivuta kwa pampu hadi maji yashuke mita moja, maji ya chumvi yaliyo chini yatapanda kuelekea kwenu karibu mita 40. Akiba ambayo vizazi viliikuta, jirani mwenye pampu kubwa na kisima kirefu anaweza kuiharibu katika muda wa misimu michache, na hataiharibu ya kwake peke yake.

Mama mmoja wa Shela aliniita kisimani kwake ili nishuhudie. Alishusha ndoo, akaivuta, akaiweka juu ya ukingo wa kisima, akachovya kidole na kukiweka ulimini. Hakusema kitu. Alinipa kata nionje. Yalikuwa maji ya chumvi chumvi, ya kufulia. Akayamimina katika karai la punda, na punda naye akayanusa kabla ya kunywa. Alinieleza kwamba zamani kisima hicho kilikuwa kikiingia chumvi hivyo mwisho wa kiangazi tu, na mvua za masika zikifika kinarudi. Sasa kinakaa na chumvi hadi masika yenyewe yanapokwisha.

Je, hayo ni mabadiliko ya tabianchi au ni mikono yetu? Ni yote mawili, na hapa ndipo penye siasa. Misimu ya mvua kushindwa mfululizo kati ya mwaka 2020 na 2022, ukame ulioshusha maji ya Ziwa Kenyatta pale Mpeketoni, na bahari inayopanda ikiusukuma mpaka wa chumvi kuelekea ndani ya kisiwa, hayo hayakuanzia Amu. Kenya nzima hutoa chini ya asilimia moja ya hewa chafu ya dunia. Nchi zilizotajirika kwa kuchoma makaa kwa miaka zaidi ya mia moja zina deni kwetu, na ni haki viongozi wetu kulidai popote wanapokutana nazo. Lakini aliyeuza kiwanja juu ya kilima cha mchanga ni nani? Aliyechota mchanga kwa ujenzi, aliyechimba shimo la maji machafu mita chache kutoka kwenye kisima cha jirani, aliyetia sahihi akijua kwamba pale ni chanzo cha maji ya mji, ni nani? Hao tunawajua, tunasali nao, tunaoana nao. Kampuni iliyotoka nje tuliweza kuikabili tukiwa kitu kimoja. Je, tunaweza kumkabili ndugu yetu? Nawaambia kwa uchungu kwamba mpaka sasa hatujaweza. Yanapotangazwa maombi ya kujenga karibu na vilima, tangazo hubandikwa, siku za kutoa maoni hupita, na mji uliojaza uwanja huu kwa ajili ya Kwasasi haupeleki hata barua moja.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu aende mahakamani kuidai bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Haki hiyo haichagui adui. Inamhusu mwenye mtambo wa megawati 1,050, na inamhusu mwenye nyumba ya ghorofa na kisima cha pampu.

Sasa niseme na wenzetu wa mikoko. Zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti hii. Mkoko, mkandaa, mchu, muia: majina haya watu wa Matondoni na Kipungani wanayajua kwa kushika, kabla hata ya kuona jani. Boriti zilizobeba dari za mji huu zilitoka huko, na biashara yake ilifika Uarabuni kwa majahazi. Leo mikoko hiyo inatafutwa kwa sababu nyingine, kwa kuwa matope yaliyo chini ya mizizi yake yanahifadhi kaboni nyingi sana, na kampuni za mbali zinataka kulipia kaboni hiyo ili zihesabiwe kuwa zimepunguza uchafu wao.

Jambo hili silipingi. Pale Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza kaboni ya mikoko yao tangu mwaka 2013, na fedha zimeingia katika maji na shule, kwa mambo ambayo wanakijiji wenyewe wameyachagua. Hekta 117 tu, ndugu zangu, na wanakijiji wameweza kukaa chini na kusema: tunataka bomba la maji kwanza. Lakini mkataba wa kaboni hukaa miaka mingi, na anayeutia sahihi leo anawafungia wajukuu wake mambo watakayoweza kuyafanya msituni. Kwa hiyo jueni sheria kabla ya kuchukua kalamu. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, na sasa miradi ya kaboni inayotegemea ardhi inatakiwa kuwa na makubaliano ya maendeleo na jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Ikija karatasi yenye kiwango pungufu ya hicho, au karatasi isiyotaja kiwango, au ikaletwa usiku kwa watu wachache pamoja na posho, mnatakiwa kuuliza nini? Ulizeni nakala imesomwa mbele ya nani. Ulizeni mkata boriti mwenye leseni atakuwa wapi siku ambayo msitu utafungwa. Msikubali kuambiwa kwamba mtaelezwa baadaye.

Vijana wangu, najua mnachokifikiria. Mnafikiria kwamba wazee hawa wanakataa kila kitu, na sisi tunakaa gatini bila kazi tukisubiri watalii ambao hawaji. Manung'uniko yenu yana haki, na anayewabeza anakosea. Wakati wa mabishano ya Kwasasi ulifika muda ambapo ndugu wawili wa tumbo moja hawakusalimiana, mmoja akitafuta ajira na mwingine akiandamana. Simlaumu hata mmoja wao. Ninachowaomba ni kwamba ajira nayo iingie katika kuulizwa huko: ni kazi ngapi, za miaka mingapi, za wenyeji au za wageni, na ni kazi gani zitakazopotea baharini ili hizo zipatikane. Mwanasiasa anayetaja nafasi za kazi bila kutaja zitakazopotea amewapa nusu ya hesabu, na ninyi mlisomeshwa ili muidai ile nusu ya pili. Mafundi wa mji huu walichukua plastiki zilizookotwa ufukweni na mitaani, zile zile zinazojaa matumboni mwa punda wetu, wakaunda jahazi la Flipflopi, likatia tanga hadi Zanzibar mwaka 2019. Hakuna aliyetuletea wazo hilo likiwa limekwisha kufungwa na kupigwa mhuri.

Limebaki jambo la fedha, nalo nitalipitia kwa haraka kwa kuwa jua limepanda. Serikali ina mpango wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na wananchi, na chini ya mpango huo kila wadi inatakiwa kuwa na kamati yake ya kupanga. Wadi zetu ni 10. Ni wangapi hapa mnawajua wanakamati wa wadi yenu? Inueni mikono. Mnaona wenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko yalipoikata barabara ya kwenda Garsen pale Lango la Simba, malori yalisimama, bei za vyakula zikapanda madukani, na wagonjwa waliokuwa wakipelekwa Malindi au Mombasa wakakwama njiani. Yalirudi tena mwezi wa Mei 2024. Kamati ya wadi ndiyo mahali pa kusema tunataka ghala la chakula, au boti ya wagonjwa, au majabia ya kuvuna maji ya mvua yakarabatiwe kule Pate, Ndau na Kiwayu, ambako yamewanywesha watu tangu enzi za mababu. Kama hatukukaa katika kikao hicho, fedha zitatumika kwa lolote atakaloliona aliyekaa, na tutakuja kulijua siku ya kufungua bamba la ukumbusho.

Kwa hiyo nawaomba haya, na ndiyo yaliyonileta hapa. Karatasi mbili zipo juu ya meza ile chini ya mti. Ya kwanza ni ya wale watakaosoma: kila tangazo la mradi litakalobandikwa, kuanzia hoteli hadi kisima, litachukuliwa nakala, litasomwa kwa Kiswahili barazani ndani ya siku za kutoa maoni, na barua itaandikwa, iwe ya kukubali au ya kukataa. Tunahitaji wanaojua Kiingereza cha sheria na wanaojua kusoma ramani. Ya pili ni ya visima. Tunataka kila mtaa wa Shela, Langoni na Mkomani uwe na mtu atakayeandika kila mwisho wa mwezi kina cha maji na ladha yake, ili siku tutakapokwenda mbele ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, au mbele ya hakimu kuvitetea vilima, tuwe na daftari la kuonyesha. Kwa karatasi hii ya pili nawategemea zaidi akina mama, kwa sababu ninyi ndio mnaoshusha ndoo. Walioko Manda na Matondoni waandike majina yao kabla ya kuondoka, maana boti yao inatoka baada ya adhuhuri.